Gigabaiti za Bertilla

Flavian aliweza kumtambua mtu mwenye shida kwa jinsi anavyoitazama kompyuta yake. Asubuhi hiyo, katika studio ya video karibu na soko la Sumbawanga, alimkuta mwenye studio, Kasimiri, akiikodolea yake macho kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyegoma kuinuka.

"Diski imejaa," Kasimiri alilalamika. "Jumapili nina kazi ya kupiga kipaimara parokia ya Izia, sina pa kuweka hata picha ya askofu."

Flavian alivaa miwani yake ya vioo vitupu, akabofya hapa na pale, akaona kila kitu. Miaka nenda rudi Kasimiri alikuwa akifuta harusi za zamani bila kumwaga pipa la taka la kompyuta. Zilikuwa zimelala humo zote, zimekula nusu ya diski. Dawa yake ni kubofya mara moja tu. Lakini nani atamlipa fundi kwa kubofya mara moja?

"Bosi, nafasi yako imevutwa," alisema kwa upole wa daktari.

"Imevutwa na nani?"

"Nani mwingine anapiga video mtaa huu?"

Kasimiri aligeuza shingo kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye studio ya Bertilla.

"Nilijua tu! Inarudishika?"

"Inarudi. Ila nikiivuta, naweza kuteleza nikavuta na ya kwake kidogo."

"Teleza, kijana wangu. Teleza sana."

Malipo yalikuwa kamera ya akiba iliyokaa rafuni, na Kasimiri aliitoa bila kunung'unika. Flavian alifumba macho, akanong'ona maneno ya Kiingereza aliyoyasoma kwenye boksi la printa, akabofya. Mstari mwekundu kwenye skrini ukanywea hadi nusu, ukawa wa buluu.

Kwa heshima ya taaluma, ni lazima isemwe kwamba kazi ilifanyika na ilifanyika vizuri. Flavian angeaga papo hapo, yangeishia hapo. Lakini alikaribishwa chai, na chai ya bure hakuwahi kuikataa. Naye Kasimiri hakuwa mtu wa kufurahi kimyakimya. Alitoka mlangoni akapaza sauti:

"Bertilla! Nafasi yangu imerudi, na ya kwako nimeongezewa!"

Bertilla alivuka barabara. Nyuma yake alifuata mteja wake, mzee Kija, mfugaji wa Mollo na kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wanaosaka wezi wa mifugo, aliyekuja kuchukua video ya harusi ya bintiye. Kwa mzee Kija mali ni mali, iwe na pembe au isiwe nazo.

"Shikamoo mzee," Flavian aliwahi, akisogeza kamera nyuma ya mgongo.

"Marahaba. Umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, mzee."

"Gigabaiti zangu, baba," alisema Bertilla, akifuta machozi ambayo hayakuwapo. "Nilizitunza kwa ajili ya msimu wa harusi."

"Mzee, nafasi haiibiki! Nilimdanganya tu Kasimiri. Nimemwaga pipa la taka, basi!"

"Anaogopa huyo," Kasimiri alidakia kwa fahari. "Nimeona kwa macho yangu, mstari ulikuwa mwekundu ukawa buluu. Kijana anajua kuvuta!"

Flavian alimtazama kwa huzuni. Siku aliyoamua kusema kweli, alipingwa na shahidi aliyemtengeneza mwenyewe.

"Kwetu mwizi anarudisha," alisema mzee Kija, "au anazungumza na vijana wangu. Chagua."

Bertilla alikohoa kidogo. "Kuzirudisha ni kazi, baba. Zimeshachanganyika na harusi za Kasimiri. Mimi nitaridhika na hiyo kamera aliyoificha."

"Una moyo mzuri, mwanangu."

Kamera ikabadili mikono. Kasimiri hakujali, yeye alikuwa na nafasi.

Nje, Flavian alimsogelea Bertilla, akanong'ona, "Dada, wewe unajua kabisa hujapungukiwa kitu."

"Najua, mshikaji. Nenda kamweleze mzee."

Flavian alimtazama mzee Kija, aliyesimama mlangoni akichonga kijiti cha meno kwa kisu kirefu, akaona basi la Namanyere linamfaa zaidi.

"Hebu simama hapohapo kwanza," Bertilla alimwita, jicho moja limefumbwa nyuma ya kamera. "Nijaribu lenzi."

Na Flavian, kwa mazoea ya kazi, akatabasamu.