Malalamiko Dhidi ya Mkwe Anayeamuru Mashine ya Mkunya Akiwa Masasi

Ndugu Meneja wa Umoja wetu wa Wakulima,
Newala Mjini.

Mimi ni mzima, na mikorosho yangu ni mizima kunishinda. Ni mimi Kasiani, mtunzaji wa mashine ya kuchapia katika ofisi yetu ndogo ya Mkunya. Wenye vyeti waliishika wakaichosha. Mimi naifuta vumbi kila asubuhi kwa kilemba cha mke wangu, na haijawahi kukohoa.

Tangu soko liwe huria, wanunuzi wa Tandahimba hawachukui gunia ghalani bila hati iliyochapwa. Hati huandikwa Masasi, zikatokea huku kwangu. Sasa hazitoki. Korosho za watu zimelala na mvua imeanza kuchungulia. Wakulima wananitazama mimi, kumbe mkosaji ni fundi wenu Filemoni, ambaye pia amemwoa binti yangu Agatha. Makosa yake ni haya:

1. Anakaa Masasi, anaandika maneno kwenye kioo cheusi, maneno yanapita kwenye waya mpaka ndani ya mashine yangu. Hapigi hodi. Hata mwizi hupunguza mwendo akifika kwa mtu.

2. Maneno yenyewe ni amri tupu. Nilimwuliza anaiambia nini, akasema anaiambia ifute kazi zilizokwama, isimame, ianze upya. Hakuna tafadhali, hakuna pole na kazi. Imegoma. Hata mimi ningegoma.

3. Ilipogoma alinipigia simu: "Shikamoo baba. Samahani, piga magoti uangalie nyuma ya mashine kama taa ya kijani inawaka." Ndugu Meneja, wewe una mkwe? Mkwe wa huku kwetu akikutana nami njiani huingia kwenye mihogo mpaka nipite. Huyu ananipigisha magoti kwa simu. Nilimjibu marahaba, taa naiona. Sikuiangalia. Baba mkwe haangalii nyuma ya kitu kwa kutumwa.

4. Hili ndilo kubwa. Mke wangu Dominika huja kubangua korosho ofisini kwa sababu ya feni. Mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, hilo hata mbuzi wa Mkunya wanalijua. Sasa Filemoni anaingia kwa waya, na mama mkwe kaketi pale na khanga moja. Dominika akasema, "Baba Agatha, mkweo kaja, na mimi sijavaa." Basi nikauchomoa waya. Nauchomoa kila Dominika akiingia, na Dominika akiingia hushinda. Filemoni anasema mtandao una hitilafu. Hitilafu ni adabu yake.

5. Kwa hiyo naomba waya ukatwe kabisa, Masasi mpaka huku. Filemoni aje kwa miguu yake, asimame nje, anieleze mimi, na mimi nitaiambia mashine. Mtu asiamuru kitu asichokiona.

Nisalimie makarani wote, na Mama Sophia anayepika chai, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mwenye mashine,
Mzee Kasiani.

N.B. Kwa kuwa kalamu na mimi tuliachana darasa la pili, barua hii nimeisema kwa simu. Filemoni ameiandika huko Masasi, kisha ataiamuru mashine ya mezani kwako iitoe. Kama haijatoka, mwambie aiamuru tena, kwa ukali kidogo.