Posa Iliyorudishwa kwa Marekebisho Makubwa

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Taaluma ya Menejimenti.

Ndugu Mhariri Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTARATIBU WENU WA UHAKIKI, AMBAO MUME WANGU AMEUHAMISHIA NYUMBANI

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini mimi sitaishia hapo.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa ishirini na mbili huu. Napokea barua, nazigonga mhuri, nazitia kwenye majalada yake, na mikononi mwangu haijapotea hata moja, ukiacha ile ambayo bosi mwenyewe aliikalia. Nayasema haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa vurugu. Taratibu nazipenda. Ila hizi zenu zimenifika hapa, na ungekuwepo ungeuona mkono wangu ulipo shingoni.

Miaka miwili iliyopita mlimteua mume wangu, mhadhiri wa menejimenti, kuwa mhakiki wenu. Barua ya uteuzi aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaja kunisomea mimi jikoni. Nikampigia vigelegele, mjinga mimi. Ule Mwongozo wa Wahakiki wenye kurasa kumi na moja, pamoja na fomu zake, akaubandika kwenye mlango wa friji, na tangu siku hiyo nyumba yangu haijatulia.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Friji hilohilo liliharibika, akaja fundi kulitengeneza. Kazi ya siku moja ilimchukua siku tatu, na sote tulielewa kwa nini, maana binti yetu mkubwa, mtaalamu wa maabara hospitalini, alikuwa likizo. Baada ya miezi kadhaa kijana akaleta barua ya kuomba kumuoa: ukurasa mmoja, mwandiko safi, adabu tele. Baba mwingine angeisoma, angeita ndugu zake, angejibu ndiyo au hapana. Mume wangu aliifungulia jalada. Leo ni mwezi wa kumi na nne. Kijana amepata kazi kwenye maghala ya baridi, mbali sana, na anatakiwa kuripoti tarehe mosi mwezi ujao. Akiondoka bila jibu hatarudi, na mimi sitamlaumu. Zimebaki siku kumi na tisa, Ndugu Mhariri. Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yangu kwa haraka kuliko mnavyosoma makala za watu.

1. Kuhusu mchujo wa awali. Mwongozo wenu unasema makala ikifika, kwanza iangaliwe kama inaendana na upeo wa jarida. Mume wangu aliikalia posa siku tisini akichunguza kama inaendana na upeo wa familia. Jamani! Mtu anaomba kuoa, upeo gani tena? Akaipitisha kwenye ile programu yenu ya kunusa maneno yaliyonakiliwa, ikatoa asilimia thelathini na nne. Posa ikarudi. Kijana akatakiwa aeleze maneno “binti yenu ni nuru ya macho yangu” ameyatoa wapi na kwa nini hakutaja chanzo. Mume wangu huyohuyo aliniandikia nuru hiyohiyo ya macho miaka ishirini na tisa iliyopita, na marejeleo hakuweka.

2. Kuhusu kujisifu kwa kukataa. Kwenye ukurasa wenu wa mbele mmeandika kwa herufi nene kwamba katika kila makala mia mnakataa tisini na mbili. Mimi masjala nikikataa barua tisini na mbili kati ya mia nitafukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne, lakini ninyi mnaita ubora. Basi mume wangu naye anataka ubora. Nikamwuliza: posa iliyoletwa ni moja tu, hiyo asilimia tisini na mbili yake utaikataaje? Akavua miwani, akafikiri, akasema tusubiri sampuli iongezeke. Binti wa watu ana miaka ishirini na saba!

3. Kuhusu kuficha majina. Najua mnaficha jina la mwandishi ili mhakiki asipendelee mtu. Sawa. Mume wangu akachukua kalamu nyeusi, akafuta jina la kijana, akafuta la binti, akafuta na neno “binti” kila lilipoonekana ili haki itendeke, na neno “kuoa” akalifuta kwa bahati mbaya kwa sababu lilikuwa jirani. Kilichobaki kikapelekwa kwa Mhakiki wa Kwanza, shemeji yangu, mwalimu wa udereva. Akasoma kwamba mwombaji anaahidi kumtunza vizuri, kumpa nafasi ya kutosha na kutomwacha nje mvua ikinyesha. Wakati huo tulikuwa tunatafuta mtu wa kumchukua paka wetu. Unaona tunakoelekea?

Shemeji akajaza fomu yenu kwa moyo mmoja. Nanukuu: “Akubaliwe bila kuchelewa. Ila mwombaji aambiwe ukweli. Anakwaruza makochi. Usiku hutoroka kwa dirisha la jikoni. Ameshazaa mara tatu na baba wa watoto hatumjui.”

Nikapiga kelele kwamba hayo ni maoni kuhusu paka. Mume wangu akanijibu, tena kwa upole unaotia hasira, kwamba mhariri haruhusiwi kugusa maoni ya mhakiki, na akanionyesha kifungu pale kwenye friji. Yakapelekwa yalivyo. Ndugu Mhariri, kijana alijibu baada ya siku nne. Aliandika kwamba anamshukuru mhakiki kwa uwazi wake, kwamba makochi ataweka ya mbao, kwamba dirishani ataweka nondo, na kwamba watoto wote yuko tayari kuwalea kama wake, bila kuuliza baba yao ni nani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Kijana wa watu amekubali kulea paka kwa mapenzi, na bado mnamdai marekebisho!

4. Kuhusu Mhakiki wa Pili. Hapa naomba unisamehe ikiwa kalamu itateleza. Mhakiki wa Kwanza ana makosa lakini ana utu. Huyu wa pili hana. Anachapa kwa mashine, hasemi neno moja la kutia moyo, na mume wangu amekula kiapo kutomtaja. Kijana aliandika kwamba atampenda siku zote. Huyo mtu akauliza: siku zote zipi, na siku ambazo hawaelewani zimehesabiwa wapi? Kijana aliandika kwamba atamsaidia kazi za nyumbani. Mhakiki wa Pili: “Kusaidia? Kwani nyumba ni ya nani? Mwandishi afafanue.” Mtoto akiugua siku ya kazi, nani anaomba ruhusa? Mwandishi afafanue. Mke akipata masomo ya miaka miwili huko mbali, nani anahama na nani anabaki? Mwandishi afafanue, tena kwa mifano.

Maswali gani hayo kumwuliza mtu? Nani alishawahi kuulizwa hayo na bado akaoa? Mimi namshuku wifi yangu, matroni mstaafu, anayeinua glasi za watu dirishani kutafuta alama za vidole. Sina ushahidi, lakini neno “afafanue” ni la kwake. Tangu mwaka jana nimepunguza kumsalimia. Na binti yangu masikini ananyamaza tu. Anarudi kutoka zamu, anakula, anajifungia chumbani. Mama anaijua huzuni ya mtoto wake.

5. Kuhusu lugha. Jumapili niliweka mchuzi mezani. Mume wangu akaonja, akasema haoni mchango wowote mpya ukilinganisha na mchuzi wa jana. Ulikuwa ni ule wa jana.

6. Kuhusu majibu ya mwandishi. Ninyi mnataka kila hoja ya mhakiki ijibiwe kwenye jedwali, upande huu hoja, upande huu jibu, na kila jibu lianze kwa shukrani. Kijana anashinda ndani ya mafriji ya watu, akirudi anajaza jedwali. Posa ya ukurasa mmoja sasa ni toleo la nne, kurasa thelathini na nane, lina viambatisho. Kipo kiambatisho cha mama mwenye nyumba wake anayethibitisha kwamba mpangaji wake hufua mwenyewe. Upo mchoro wa mistari unaoonyesha hasira zake kwa siku sitini, pamoja na maelezo ya tarehe kumi na saba, alipong’atwa na mbwa wa mteja. Ipo na sura ya mapungufu ya utafiti, ambamo anakiri kwamba anakoroma na kwamba hajui kuomba radhi mapema. Watu wanazeeka pamoja bila kuambiana hayo.

Kwa hiyo nina ombi, na nimelifikiria nikiwa na akili zangu timamu. Nilitaka mumwondoe mume wangu kwenye orodha yenu, lakini atakonda. Nikataka mumwandikie kwamba posa si makala, lakini atawajibu kwa kurasa ishirini. Imebaki njia moja. Ichapisheni. Itieni kwenye toleo lijalo, baina ya makala mbili za motisha kwa wafanyakazi. Mume wangu hajawahi kupinga jambo lililochapishwa kwenu; likitoka kwenye jarida, kwake limekwisha. Wala msihofu kuhusu upeo: ni watu wawili wanaotaka kuendesha taasisi ndogo kwa miaka arobaini, rasilimali chache, bila likizo na bila mkurugenzi. Kama hiyo si menejimenti, nyumba hii mhadhiri wa menejimenti ni mimi. Naambatanisha nakala tatu. Majina nimeyaficha, na safari hii nimehakikisha inaeleweka kwamba si paka.

Nifikishie salamu kwa naibu wako, kwa katibu muhtasi, kwa mhariri wa lugha na macho yake, kwa anayefungua madirisha ya ofisi asubuhi, na kwa wake na waume wa wahakiki wenu wote, ambao nawapa pole kutoka moyoni.

Nasubiri jibu, kama tunavyosubiri wote hapa nyumbani.

Mke wa Mhakiki Wenu

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha kubwa, binti yangu akarudi kutoka zamu, akaikuta barua mezani. Aliisoma akiwa bado na koti la maabara. Kwenye namba tatu akashika meza. Kwenye namba nne alikaa sakafuni, na nikadhani analia, kumbe mbavu hana kwa kicheko. Ndugu Mhariri, Mhakiki wa Pili ni yeye.

Baba yake alimpa fomu siku ya kwanza kabisa, akamwambia kwamba mhakiki anayefaa ni yule atakayeishi na matokeo. Ana kwa ana, anasema, angeona haya kuuliza, na kijana angeitikia ndiyo kwa kila kitu. Chumbani alikuwa akichapa. Toleo la nne amelisoma mara tatu, na jana aliweka alama kwenye “Kubali”. Kijana ameshapigiwa simu. Wataondoka pamoja, na hospitali ya kule inahitaji mtu wa maabara. Wote walijua isipokuwa mimi na paka.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, na kwa wifi nitakwenda mwenyewe kesho kuomba radhi, ingawa sijui nianzie wapi. Msichapishe kitu.

Lakini bahasha ninayo tayari, na sitaki ipotee bure. Mimi posa yangu niliikubali kwa siku mbili, bila kuuliza swali hata moja. Nimebandua fomu moja pale kwenye friji, nimeijaza, naiambatanisha. Inamhusu mume wangu. Swali la kwanza ni hili: mwandishi amehakiki makala kumi na saba kuhusu furaha ya wafanyakazi kazini, kwa nini katika miaka ishirini na tisa hajawahi kumwuliza mkewe kazini kulikuwaje? Mengine mawili yamo ndani, hayo ni yake tu. Mpelekeeni kwa utaratibu wenu, jina langu lifichwe, mpeni siku thelathini, na ajibu kwenye jedwali. Msimtishe. Pale kwenye uamuzi nimeweka alama kwenye marekebisho madogo.