Ruta ya Bibi Mkunga

Kinyozi alikuwa amefika kwenye masharubu, mahali ambapo mteja mwenye akili hafungui mdomo, na ndiyo maana siku hiyo Kinanda alisikia kila kitu.

Kinanda hakuwa na jina jingine mjini. Walimwita hivyo kwa sababu ya sauti yake, iliyopanda na kushuka kwa utamu mpaka mtu akajikuta amekubali jambo ambalo bado hajaelezwa. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Aliwaamkia wazee, aliwapisha wajawazito mlangoni, na akikuibia birika alikuachia kifuniko, usikose cha kukumbukia.

Kwenye benchi la kusubiri, muuza mikate alikuwa akimsimulia mwenzake habari za Bibi Mkunga, jirani yake wa ghorofa ya juu. Mama huyo alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, kisha akastaafu. Wajukuu wakamletea mashine ya gemu ili asichoke kukaa peke yake. Basi akanogewa. Alikuwa akishindana kwa magari kwenye televisheni na mdogo wake, aliyekaa upande wa pili wa mji, maana magoti yao wote wawili yalikuwa yameapa kutopanda tena ngazi bila sababu nzito. Leo saa kumi palikuwa na shindano kubwa. Mshindi angechukua kiti cha kubembea cha marehemu mama yao, ambacho mdogo mtu alikuwa amekikalia tangu msiba. Asiyetokea amekikosa. Na mashine ya Bibi Mkunga ilikuwa imekataa mtandao wiki nzima.

"Anatafuta fundi," alisema muuza mikate. "Yuko tayari kumkaribisha yeyote."

Kinanda alishuka kwenye kiti cha kinyozi sharubu moja likiwa fupi kuliko jingine.

Vifaa vyake vya kazi vilikuwa vinne: kizibao cha njano, kitambulisho chenye picha yake na muhuri uliochongwa kwa kiazi, waya mrefu ambao haujawahi kuunganisha chochote, na ngazi. Ngazi ndiyo ilikuwa shahada yake. Mtu mwenye ngazi haulizwi anakwenda wapi; hufunguliwa mlango na kusogezewa viti. Aliipata bure mwaka uliopita, ikiwa imeegemea ukuta wa watu, kidato kimoja kimefungwa kitambaa cha buluu na mtu mwenye huruma kwa vitu vibovu. Ukuta wa nani, hakukumbuka. Kuta za watu ni nyingi, na Kinanda alikuwa mchapakazi.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Angeigusa mashine, angetikisa kichwa, angesema imeungua ndani na lazima iende karakana. Karakana hiyo ilikuwa na sifa moja: haikuwapo.

Bibi Mkunga alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo mama. Nimeletwa na tatizo la mtandao."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama Kinanda, akaitazama ngazi. Akavaa miwani, akaitazama ngazi tena, safari hii kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake. "Karibu. Hiyo iache hapo nje, itanichubulia ukuta. Na hicho kitambulisho nipe nikisome kwenye mwanga."

Kinanda akafurahi moyoni kwamba ngazi imeshafanya kazi yake. Hakuona ajabu mama huyo alipokisoma kitambulisho mbele na nyuma, kisha akakitundika kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, juu kidogo ya mfuko wa vitunguu. Wala hakujali aliposikia vitufe vya simu vikilia huko jikoni wakati maji ya chai yakichemka.

Alikunywa kwanza. Bibi Mkunga hakukubali mtu afanye kazi na tumbo tupu, na alimkatia mkate vipande vinene, kile cha mwisho wa mkate akajiwekea mwenyewe. Kinanda aliliona jambo hilo. Lilimkera, kwa kuwa ni vigumu kumwibia mtu aliyekuachia vipande laini.

Mashine ilikuwa chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ruta, kile kisanduku cha mtandao, ilikaa juu ya kabati, nyuma ya chombo cha maua, taa zake zikipepesa. Kuhusu ruta Kinanda alijua mambo mawili tu: kwamba huwaka taa, na kwamba ukiizima ukaiwasha watu hukushukuru. Akaigusa mashine ya gemu kwa kiganja, kama anayepima homa, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imeungua ndani. Inabidi niende nayo karakana."

"Umeipimaje?"

"Kwa mkono."

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote. Mgonjwa hapewi rufaa kabla ya kupimwa. Anza kupima. Mimi nitakaa hapa nikuangalie unavyofanya."

Akakaa kweli, mikono mapajani, na Kinanda akalazimika kuwa fundi. Alizima ruta akaiwasha. Akaihamisha kutoka nyuma ya maua akaiweka mbele ya maua. Akachomeka ule waya wake, ncha moja kwenye ruta na nyingine kwenye mashine, na waya ukaonja kazi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Televisheni ikaandika vilevile: hakuna mtandao. Simu ya mama ilipata mtandao vizuri, ya Kinanda pia, mashine peke yake ndiyo iliyonyimwa. Kila mara Kinanda alipotaja karakana, Bibi Mkunga aliuliza kwa upole kama mgonjwa ameshafunguliwa macho, ulimi na masikio.

"Sasa mtazame tumboni," alisema. "Mjukuu wangu huingia kwa simu kwenye ukurasa wa mipangilio. Neno la siri limebandikwa chini ya ruta yenyewe."

Kinanda aliingia, akitegemea kukuta maneno magumu ya kumsaidia kudanganya. Akapitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu ya mama, simu yake mwenyewe, na mashine ya gemu, nayo ilikuwa na alama ya kufuli jekundu. Akaigusa ile alama. Akasoma mara mbili.

Hali ilikuwa hivi. Kama angeufunga ukurasa ule na kusema ameshindwa, mashine ingekuwa yake kabla ya saa kumi. Lakini mtu wa kazi akiona kazi nzuri ya mwenzake, ulimi humwasha. Kinanda aliwahi kuona utapeli wa kila aina, na huu ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa hariri.

"Mama," alisema, "ruta inakuhesabu kuwa mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Imeandikwa hapa. Mashine ya gemu ni ya mtoto. Jina la mtoto: Dada. Umri: miaka sita. Haruhusiwi mtandao mpaka amalize kazi za shule."

Bibi Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Wiki iliyopita nilipata homa," alisema taratibu. "Mdogo wangu alipanda ngazi zote hizi na magoti yale. Alinipikia uji, akanifunika shuka, akakaa kitandani mpaka nikalala." Akatikisa kichwa, nusu kwa uchungu na nusu kwa mapenzi. "Kisha akanifungia mtandao. Alikuwa mwunganishaji simu huyo, mpaka akastaafu. Hakuna waya unaomshinda."

"Ni fundi," alikiri Kinanda, kwa heshima ya kweli.

"Uji wenyewe ulikuwa mzuri. Hebu niondoe utotoni, mwanangu, saa kumi imekaribia."

Kinanda aligusa kufuli, likafunguka. Televisheni ikalia, magari ya rangi rangi yakajipanga, na sauti ya kikongwe mwingine ikajaa chumbani.

"Dada? Nilidhani hutatokea."

"Nimemaliza kazi za shule," alisema Bibi Mkunga.

Kisha shindano likaanza.

Bibi Mkunga aliendesha akiwa amekaa wima, ulimi nje kidogo, akiinama na kiti kizima kila penye kona. Kinanda alisimama nyuma yake akihesabu hasara. Mashine sasa ilikuwa inatumika mchana kweupe, na fundi wa kweli harudi mikono mitupu. Macho yake yakatembea ukutani mpaka kwenye saa kubwa ya shaba, juu sana, karibu na dari. Mama hakuwa akitazama kitu kingine isipokuwa barabara. Kinanda akanyata hadi mlangoni kuchukua ngazi.

Ngazi haikuwapo. Ukumbini palikuwa na harufu ya mkate tu.

"Saa hiyo haitembei tangu mume wangu afariki," alisema Bibi Mkunga, macho kwenye televisheni, akimpita mdogo wake kwenye daraja. "Iache tu. Na ngazi usiitafute. Muuza mikate ameirudisha ukutani kwangu, pale ulipoichukua mwaka jana."

"Ngazi ile niliinunua, mama," alisema Kinanda. Sauti ile iliyopanda na kushuka safari hii haikufanya hata kimojawapo.

"Kile kitambaa cha buluu nilikifunga mwenyewe," aliendelea mama. "Kimetoka kwenye gauni langu la kazi. Subiri kidogo, hapa pana kona mbaya."

Akaipita kona mbaya. Kwenye televisheni gari la mdogo mtu likagonga ng'ombe, la Bibi Mkunga likakata utepe, na sauti ya upande wa pili ikasema maneno ambayo waunganishaji simu hawakuruhusiwa kuyasema kazini.

Bibi Mkunga akamgeukia Kinanda. Hakukunja uso. Alimweleza kwamba ngazi imesharudi na hiyo imekwisha, lakini siku ile aliyoichukua alichukua na redio, na redio anaitaka. Kiti cha mama yao nacho kipo upande wa pili wa mji, kizito, na magoti yake anayajua mwenyewe. Kitambulisho kitakaa kwenye msumari mpaka vitu hivyo viwili vifike.

"Nisipoleta, mama?"

"Nitakitundika kwa kinyozi wako, na maelezo chini yake. Nimeona sharubu lako moja halijaisha. Utataka kurudi pale."

Kinanda alipoondoka, alikuwa na mkate uliofungwa kwenye karatasi, ambao mama alimtia kwapani akisema njia ni ndefu.

Kesho yake alihangaika na redio. Alijaribu kukumbuka redio ya nyumba ile, akashindwa; redio zilizopita mikononi mwake zilikuwa nyingi, na zote alishaziuza. Akaenda sokoni, akanunua moja kwa pesa yake halali, kama alikuwa nayo, na moyo ukamuuma kama mtu anayenunua maji ya mvua. Kisha akakifuata kile kiti. Mdogo mtu alimkabidhi bila neno, ila alikipangusa kwa mkono mara ya mwisho na kumwonya asikigonge. Kinanda akakipandisha ngazi zote za jengo kichwani, redio ikining'inia shingoni.

Bibi Mkunga aliigeuza ile redio huku na huku.

"Siyo yenyewe," alisema, "lakini itazoeleka."

Akampa kitambulisho chake, na chai, na safari hii kipande cha mwisho wa mkate walikigawana.

Kinanda alikuwa ameshashuka ngazi za kwanza alipokumbuka waya wake. Akarudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, kiti cha kubembea kikilia kwii, kwii, na akina dada wawili walikuwa wakizungumza kupitia televisheni kabla ya shindano jipya.

"Redio gani, dada?" iliuliza sauti ya upande wa pili. "Wewe hujawahi kuwa na redio."

"Sijawahi. Aliyeibiwa redio siku ile ni muuza mikate, na hathubutu kumdai mtu. Nitampelekea jioni."

Kinanda aliuondoa mkono kwenye mlango. Kisha akavua kofia, akaiinamishia kichwa ile sauti ya kiti, na kushuka ngazi polepole. Waya aliuacha ulipo. Ulikuwa umepata kazi.