Vitenzi Vilivyoasi na Dari ya Mama

Jumatatu, 1 Oktoba 2018. Arequipa.
Nimehitimu falsafa. Nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, na wawili kati yao niliwashinda kwa hoja. Hata hivyo, chuo hakinipi shahada. Kanuni inadai cheti cha Kiingereza. Mtihani wa mdomo ni Ijumaa ya tarehe 12: alama ishirini, kufaulu ni kumi na moja. Maktaba ya mkoa imenihifadhia nafasi ya mkutubi msaidizi hadi Jumatatu ya tarehe 15, nikitokea na shahada mkononi. Nisipotokea nayo, nitauza sweta za sufu ya alpaka pamoja na binamu yangu Wilmer.

Hilo halitatokea.

Nimebandika vitenzi mia moja na themanini katika kuta za bafu. Vyote vimeasi kanuni. Taifa lililotaka kuitawala dunia limeshindwa kuvitawala vitenzi vyake! Hadi sasa nimekariri vinane. Mama amebandua kumi na viwili vilivyoziba kioo. Anasema yeye ana nywele za kuchana.

Jumatano, 3 Oktoba.
Darasani nimemthibitishia Mwalimu Hortensia Llerena, ambaye pia ndiye mtahini wetu, kwamba lugha isiyotii sheria zake haina haki ya kumtahini mtu. Akanikumbusha kwamba hata katika Kihispania chetu, kitenzi cha kwenda hubadilika hadi mama yake mzazi asikitambue. Nikamjibu kwamba chetu kina sababu za kihistoria. Akasema chao pia kinazo, na akaniomba nikae. Nilikaa, lakini kwa kupinga.

Kisha zikaja nahau. Mtu akifa, Waingereza husema amepiga ndoo teke. Niliuliza ndoo ni ya nani. Mwalimu akasema nahau haihojiwi, humezwa. Sijawahi kumeza kitu bila kukihoji.

Wilmer anasoma utalii na atafanya mtihani huohuo. Hajui wakati uliopita hata kidogo. Kwake kila jambo linatokea leo. Lakini wageni wanacheka naye na wanaondoka na sweta mbilimbili. Jioni ameniuliza, "Daktari, umevishika vitenzi, au vyenyewe ndivyo vilivyokushika?" Udaktari huo amenipa yeye, na si kwa heshima.

Alhamisi, 4 Oktoba.
Nimepata njia. Jumamosi tunamwaga zege la dari ya ghorofa ya pili, na dari isiyo na mzazi wa ubatizo huku kwetu haihesabiwi kuwa dari. Mwanamke akivunja chupa juu yake, huwa komadre, yaani ndugu wa ubatizo, wa nyumba nzima, na komadre hawezi kumwangusha mtoto wa komadre yake. Hii si rushwa. Ni sosholojia.

Mama alikuwa amekwisha kumpa heshima hiyo kaka yake, Mjomba Toribio. Nilibishana na Mama saa nzima. Aliniambia, "Anselmo, hii ni dari yangu, si ngazi yako." Mwishowe alichoka. Mjomba ameshushwa cheo, sasa ni msimamizi wa bia. Amenuna, maana kofia ya sherehe alikwisha kuinunua.

Nilipomwalika Mwalimu Hortensia, aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia sijawahi kuwa na hakika zaidi.

Jumamosi, 6 Oktoba.
Ushindi. Mwalimu alikuja na suti ya buluu na keki. Akapanda ngazi kwa viatu vya kisigino. Chupa ilikuwa imening'inizwa kwa utepe kwenye msalaba wa maua. Akaipasua kwa pigo moja la nyundo, na povu lote likaishia kwenye kofia ya Mjomba Toribio. Alikula nyama ya nguruwe ya kukaanga, akacheza ngoma ya huayno na fundi mkuu. Ilipofika saa tisa alasiri, yeye na Mama walikuwa wakiitana komadre na kulia kidogo.

Nimebandua vitenzi vyote bafuni. Wilmer akaniuliza, "Ndiyo umeacha kusoma, Daktari?" Nikamfahamisha kwamba iko elimu ya vitabu, na iko elimu ya watu.

Jumanne, 9 Oktoba.
Mwalimu Hortensia ameniita pembeni baada ya kipindi. Amesema sasa yeye ni wa nyumba yetu, na mtu hamtahini mtoto wa komadre yake. Watu watasema nini? Amemwandikia mkuu wa kitivo nihamishiwe kwa mtahini mwingine. Huyo ni Bwana Dunbar, Mskoti aliyeishi hapa miaka thelathini bila kuonekana katika sherehe yoyote. Nilijenga hoja tano. Alizisikiliza zote, kisha akanituma nimsalimie komadre.

Nimebandika upya. Siku tatu, vitenzi mia moja na sabini na viwili.

Ijumaa, 12 Oktoba.
Bwana Dunbar aliniuliza nilifanya nini Jumamosi iliyopita. Swali la hila, kwani mambo yote ya Jumamosi yamekwisha kupita. Nilianza vizuri. Kwenye sentensi ya pili akanisahihisha kitenzi. Nikamuuliza anasema hivyo kwa mamlaka gani. Akajibu kwamba amezaliwa nacho. Nikamwambia kuzaliwa si hoja. Tulijadiliana dakika nane kati ya kumi: yeye kwa Kiingereza, na mimi, kutokana na uzito wa suala lenyewe, kwa Kihispania.

Nane. Alama moja kwa kila dakika.

Wilmer, ambaye ni wa nyumba ya shangazi na kwa hiyo alibaki kwa Mwalimu Hortensia, amepata kumi na tano.

Jumapili, 14 Oktoba.
Komadre amekuja kula adobo, mchuzi wetu wa nguruwe wa Jumapili, asubuhi, na mkate kauleta mwenyewe. Huku akichovya mkate kwenye mchuzi, alimwambia Mama kwamba tangu Septemba daftari lake lilinipa kumi na mbili. "Kiingereza chake kibovu, komadre, lakini anabisha nacho bila woga. Mimi nilikuwa nimebakiza kutia saini tu."

Mama akaweka kijiko chini. Akaitazama dari, kisha akanitazama mimi. "Zege limeshika vizuri," akasema. "Kichwa chako ndicho bado kibichi."

Jumatatu, 15 Oktoba.
Nafasi ya maktaba amepewa msichana kutoka Camaná.

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Sosholojia yangu ilikuwa sahihi. Nilikosea ngazi tu. Mtahini ni mtumishi. Anayewapanga watahini ni mkuu wa kitivo, na mtihani ujao ni Desemba. Dada yangu Yesenia anajifungua Novemba. Nimekwisha kuandika barua, kurasa nne, kumwomba mkuu wa kitivo awe baba wa ubatizo wa mtoto.

Yesenia anasema mtoto ana wazazi wa ubatizo tayari, wa upande wa mumewe, na kwamba nitafute tumbo langu.

Nimemuuliza kama mkunga ana hakika kwamba mtoto ni mmoja tu.