Dakika Kumi za Sauti ya Bibi

Jumanne, 15 Julai 2025

Leo kwenye ubao wa matangazo wa shule, kati ya ratiba ya usafi na tangazo la ndoo iliyopotea, kulikuwa na karatasi mpya. Mwito wa makala. Kongamano la Fasihi Simulizi na Utamaduni, Mugumu, tarehe 15 na 16 Agosti. Ikisiri isizidi maneno mia mbili na hamsini. Makala bora zitachapishwa kitabuni.

Kitabuni!

Nimeisoma mara nne. Mara ya tano Mwalimu Emanuel, anayetufundisha Kiswahili, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema hilo si la wanafunzi. Amelibandika ili walimu wenzake waone mambo anayoshiriki. Ikisiri yake ameshatuma. Inahusu sitiari. Hakusema sitiari za nini.

Nina miaka kumi na saba. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba ya shule, pamoja na mwongozo wa pampu ya maji. Hakuna hata kimoja chenye jina la mtu ninayemjua. Na ile karatasi haikusema popote kwamba mwandishi awe mtu mzima. Nimeangalia.

Jumamosi, 19 Julai

Mada imepatikana: utani wa bibi na wajukuu. Kwetu Wakurya bibi na mjukuu hutukanana wapendavyo. Mzazi na mtoto hawathubutu. Bibi yangu, mama yake Baba, anakaa Nyanungu na ni bingwa. Huniita mke mwenza. Nikisema shikamoo haitikii mpaka anikague kwanza. Mke mwenza gani huyu, miguu kama miiko ya ugali, ndiye atakayeninyang'anya mume? Mume ni Babu. Alifariki nikiwa darasa la kwanza lakini bado tunamgombania.

Nimeandika ikisiri kwa mkono, nikaipeleka stesheneri ya Maftah hapa Nyamisangura ikachapwe. Anayechapa ni Ashrafu, mpwa wa Maftah. Tuko naye kidato cha tatu. Aliisoma akasema imekaa vizuri ila ina njaa, haina takwimu. Nikamwambia nimezungumza na mzee mmoja tu. Akauliza mara ngapi. Nikasema tangu nizaliwe, mara nyingi. Akaandika "mahojiano arobaini". Ukiangalia vizuri si uongo.

Kwenye nafasi ya taasisi akaandika "Watafiti Huru". Nilipouliza kwa nini ni wengi, akasema barua pepe ni yake, umeme ni wa mjomba wake, na takwimu ni zake. Jina lake limetangulia langu. Akasema nisichukie, ni utaratibu wa dunia nzima, alfabeti.

Nimerudi nyumbani nikitamani ningebatizwa Abigaeli. Jina langu ni Gati, na nilibatizwa Kezia. Haisaidii.

Jumatano, 30 Julai

Imekubaliwa!

Barua inasema "Mpendwa Dkt. Ashrafu na mwenzake". Mwenzake ni mimi. Tumepewa dakika kumi na tano za kuwasilisha, kisha maswali.

Kuwasilisha. Neno hilo nililipita haraka kwenye mwito. Maana yake ni kusimama mbele ya watu na kusema. Mwaka jana nilipangiwa kusoma taarifa ya habari paredi. Nilifika kwenye neno "Habari". Niliamkia kwa matroni.

Ashrafu amejitolea kusoma yeye, kwa kuwa ni wa kwanza. Ana sauti ya redio na anajijua. Nimekataa. Akisoma yeye, watakayemkumbuka ni yeye.

Alhamisi, 31 Julai

Ikisiri ya Mwalimu Emanuel imekataliwa. Ametueleza darasani kwamba wapitiaji wa makala siku hizi wamechoka, hawasomi, wanaangalia kichwa tu. Kisha Ashrafu akamwambia habari zetu. Ashrafu humwambia kila mtu kila kitu.

Niliitwa ofisini. Nilitegemea fimbo. Nikapewa kiti. Mwalimu akasema kazi ya mwanafunzi haiwezi kwenda Mugumu bila msimamizi, na msimamizi kwa kawaida huandikwa. Lakini yeye si mtu wa makuu. Akae tu pale alfabeti itakapomweka.

Ashrafu, Emanuel, Gati. Mimi ni wa tatu katika makala yangu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepata njia! Dakika ni kumi na tano. Sauti ya Bibi mwenyewe ikichukua kumi, nabaki na tano. Mbili ni za salamu na kutambulishana, moja ni ya ahsante. Zinabaki mbili. Dakika mbili mtu hawezi kuzimia akiangalia karatasi.

Tena wataalamu hupenda sauti. Wanaiita ushahidi wa uwandani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nimekwenda Nyanungu na simu ya Mama. Niliiweka ndani ya kikapu cha karanga, chini ya kanga. Sikumwambia Bibi. Ningemwambia angekaa wima na kusema kama yuko kanisani. Mtu wa sensa alipomuuliza jina, alijibu kama anaapishwa.

Leo alikuwa moto. Alianza na nywele zangu, akaja kwenye ugali wangu, akamaliza na shule yangu, ambako anasema natumwa kusomea uvivu. Nikamjibu kwamba Babu alinipenda mimi zaidi, ndiyo maana alimwacha na meno manne. Akafurahi sana. Ndipo akatoa ile habari ya siafu. Siafu waliingia ndani alfajiri moja, Babu akatoka mbio vile alivyozaliwa, akapita katikati ya ng'ombe, akakutana uso kwa uso na wanawake wanaokwenda mtoni. Akajificha nyuma ya ndama. Ndama akaondoka.

Bibi aliigiza Babu, wanawake na ndama. Karanga zilimwagika, simu haikuonekana. Dakika kumi na saba. Ashrafu atakata zibaki kumi bora.

Ijumaa, 15 Agosti

Mugumu.

Mkuu wa shule alitaka sahihi ya mzazi. Nilimpa Baba fomu nikiwa nimeikunja sehemu yenye kichwa cha makala. Alisoma neno "maprofesa", akaweka sahihi, kisha akatoa suti kabatini. Nikamwambia Mwalimu Emanuel yupo, hana haja ya kusumbuka. Akasema mbao za duka lake hazitaoza kwa siku mbili, na binti yake haendi kuongea na maprofesa kama yatima.

Amekaa mstari wa mbele tangu tulipofika, hata kwenye vikao visivyotuhusu. Anaandika.

Mwenyekiti wa kikao chetu cha kesho ni Dkt. Waitara, mtu wa kwetu, mrefu, mpole. Wakati wa chai waliulizana na Baba maswali mawili matatu, wakagundua walitahiriwa mwaka mmoja. Saro moja! Wakakumbatiana mpaka chai ikamwagika. Watu wa saro moja ni ndugu, na mzazi wa mmoja ni mzazi wa wote. Habari njema sana. Mwenyekiti atakuwa upande wetu.

Nimewaza kidogo kuhusu Baba na ile habari ya ndama. Mtoto hasikii habari kama hiyo ya baba yake, tena kutoka kinywani mwa mama yake. Lakini ukumbini hakuna baba wala mtoto. Kuna washiriki. Hata beji yake imeandikwa hivyo: MSHIRIKI.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa nne kamili. Watu kama thelathini. Dkt. Waitara akatutambulisha: Ashrafu, Emanuel, na Gati binti Nyangwine, binti ya ndugu yake. Nikasimama. Nikasema habari. Sikuzimia! Nikasoma dakika zangu mbili, nikampa Ashrafu ishara, akabonyeza.

Dakika ya kwanza, nywele. Wazee sita walioalikwa walicheka. Dakika ya tatu, ugali wangu, ambao Bibi anasema ungeweza kuziba bati linalovuja. Dkt. Waitara alitoa leso akafuta machozi. Baba alikuwa anawageukia watu wa nyuma kuhakikisha wanasikia.

Dakika ya tano, siafu.

Maprofesa waliotoka mbali hawajui Kikurya. Waliendelea kutikisa vichwa na kuandika. Wanaojua Kikurya walinyamaza wote kwa mara moja. Bibi alimtaja Babu kwa jina. Akamtoa nje vile alivyozaliwa.

Baba akasimama. Hakuniangalia. Alifunga kifungo cha koti akatoka. Dkt. Waitara akaacha saa yake mezani akamfuata. Kisha wazee sita, mmoja mmoja, kofia mkononi, macho chini. Kisha dereva wa maprofesa. Mwisho akatoka fundi wa spika, kijana wa Nyanungu, ambaye ndiye peke yake aliyejua pa kupunguzia sauti. Kwa hiyo Bibi aliendelea kwa sauti ya juu, ukumbi wote na uwanja wa nje, mpaka ndama akaondoka.

Ashrafu aliniuliza kwa ishara kama ni muda wa chai. Kikurya chake ni cha sokoni, anajua bei tu. Mwalimu Emanuel, ambaye kwao ni Bukoba, alipiga makofi peke yake.

Kukawa na swali moja. Msomi mmoja mwanamke, Dkt. Verdiana, mhariri wa kitabu, aliuliza kama kule kutoka kulikuwa sehemu ya uwasilishaji.

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani. Baba hajanisemesha. Amemwambia Mama aniambie sauti ile ifutwe popote ilipo. Tulikuwa tumekaa meza moja, watu watatu. Mama alinigeukia akanirudia maneno yaleyale.

Habari zimeshafika Nyanungu. Baba hakuweza kumweleza Bibi mwenyewe, maana angeanzia wapi. Alimtuma shangazi Mokami.

Ashrafu alipita jioni. Akaomba jina lake litolewe. Akasema yeye ni mchapaji tu, na mjomba wake Maftah anauza kwa Wakurya. Nikamkumbusha kuhusu alfabeti. Akasema alfabeti haina uhusiano na mambo ya kwenu.

Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu Emanuel ameshaelezwa ni kitu gani alikipigia makofi. Amefafanua kwamba usimamizi wake ulikuwa wa ushauri wa jumla, hasa upande wa koma na nukta. Jina litoke.

Kwa hiyo sasa inasomeka hivi: Gati Nyangwine. Basi. Nimeiandika mara tisa nyuma ya daftari la Jiografia. Inapendeza kila mara.

Alhamisi, 21 Agosti

Dkt. Verdiana ameandika! Anasema kikao chetu kilikuwa kikao pekee ambacho kitu kilitokea. Makala iingie kitabuni. Anataka vitu viwili tu. Kwanza, niondoe habari ya siafu kwa heshima ya familia. Sawa. Pili, fomu ya ridhaa yenye sahihi au dole gumba la mzee niliyemhoji. Bila hiyo hachapi.

Nimepanga yote. Nitakwenda na sukari kilo mbili. Bibi atanitukana kwa saa nzima, nitatukana na mimi, ataishiwa nguvu, ataweka dole gumba.

Jumamosi, 23 Agosti

Nyanungu. Nilisema shikamoo mlangoni, nikajiandaa kukaguliwa.

Akasema marahaba. Papo hapo.

Akanipa kigoda cha wageni. Akaniita Gati. Sikumbuki kama amewahi. Akauliza masomo yanaendeleaje, na wazazi, na hali ya hewa ya mjini. Nikaona nianze mimi. Nikamwambia mume wetu amenijia ndotoni akilalamika kuhusu mapishi yake. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amweke pema. Nikamwambia sasa amebaki na meno matatu. Akasema ndiyo, umri umekwenda.

Shangazi Mokami alikuwa anapepeta ulezi pembeni. Akamwambia Bibi, mama, mtukane basi mtoto, amekuja mbali. Bibi akasema huyu si mtoto tena, huyu ni mtu wa ofisi. Na watu wa ofisi mtu huongea nao vizuri.

Nikatoa fomu. Nilikuwa na sababu saba za kumshawishi. Hazikuhitajika. Aliuliza ni kidole kipi. Akakibonyeza kwenye wino kwa makini, akasubiri nimwambie kimetosha, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama anavyompa mwenyekiti wa kijiji.

Ridhaa imepatikana! Nitakuwa kitabuni.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepiga picha fomu nikamtumia Dkt. Verdiana. Amenipongeza. Ameniambia pia kuna kongamano lingine Desemba. Mada: ukimya na heshima katika fasihi simulizi.

Kwa bahati nzuri jana simu ilikuwa inarekodi mfukoni mwa sketi. Dakika arobaini na mbili. Hakuna tusi hata moja. Sauti ni safi kabisa, kwa sababu hakuna anayecheka.

Nimeisikiliza mara tatu. Katika dakika ya thelathini na moja Bibi anavuta pumzi, kama mtu aliyeona kitu kwenye nywele zangu na anataka kukisema. Kisha anasema, karibu uji.

Nimeandika: pumzi, sekunde mbili. Ikisiri inatakiwa Ijumaa.