Uzinduzi wa Kituo cha Kujisikia Nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani; Ndugu Dereva wa Mwakilishi, ambaye kwa sababu ambazo bado zinafanyiwa kazi amefika kabla yake; Wakuu wa Vitivo; Kaimu Wakuu wa Vitivo; Kaimu wa Makaimu; Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi, yaani mimi mwenyewe; Makamu Mwenyekiti, ambaye huwa ni mimi pale Mwenyekiti anapopata dharura; mama wa kantini; walinzi wa lango kuu; wazazi mliobahatika kupata viti na mliobahatika kupata ukuta wa kuegemea; na nyinyi wanangu wanafunzi, ambao bila nyinyi chuo hiki kingeendeshwa kwa utulivu mkubwa zaidi. Itifaki imezingatiwa, na kama ipo itifaki iliyokaa nyuma ya nguzo nisiione, nayo ijihesabu imezingatiwa.

(Makofi. Feni inalia juu. Sauti kutoka nyuma: "Soda zinagawiwa saa ngapi?")

Soda ni suala mtambuka, kijana wangu, lina kamati yake. Leo tumekusanyika kwa jambo zito zaidi, nalo ni kukizindua rasmi Kituo Jumuishi cha Ustawi, Ushiriki na Kujisikia Nyumbani, ambacho kwa kifupi tunakiita KIJUUUKUNYU. Herufi U pale katikati ni tatu. Naomba zisipunguzwe, maana wajumbe walikaa mkutano mzima kuzijadili, na ya tatu ilipita kwa kura ya Mwenyekiti.

Sasa, mimi kabla ya kuwa Mwenyekiti nilikuwa mwalimu, na mwalimu hapiti juu ya neno bila kulieleza. Ustawi ni nini? Ustawi, wanangu, ni pale mwanafunzi anapoamka asubuhi akaona sababu ya kuvaa viatu. Kujisikia nyumbani ni nini? Ni pale unapoingia kantini umeshika sahani yako na huzunguki ukitafuta meza isiyo na mtu. Na ushiriki ni pale unapokaa kwenye hotuba kama hii mpaka mwisho, na kwa muktadha huo naomba walinzi wafunge mlango wa kushoto, maana naona kuna watu wanashiriki kuelekea nje.

(Kicheko. Mlinzi anausukuma mlango. Haufungiki.)

Kuna nini hapo? Begi? Nani ameweka begi la magurudumu mlangoni mwa hafla ya kitaasisi? Binti yangu, ingia ama toka, usikae katikati kama mpango kazi unaosubiri saini.

(Msichana aliyeshika begi: "Shikamoo, mzee.")

Marahaba, mama. Mwaka wa kwanza?

("Wa kwanza.")

Na begi kubwa hivyo, unasafiri?

("Naacha chuo, mzee. Basi langu linaondoka saa tisa. Ofisi ya usajili wamegoma kupokea barua yangu, wanasema lazima kwanza nipite Kituo cha Ustawi niongee na mtu. Nimekitafuta wiki nzima. Nimesikia leo kinazinduliwa, nikaja kuuliza kiko wapi.")

(Vichwa vyote vinageukia mlangoni. Hata feni inaonekana kupunguza kelele.)

Wadau mmesikia? Kituo hakijakatwa hata utepe na tayari kina mahitaji! Hiki ndicho wataalamu wanachokiita mwitikio wa soko. Karibu, mwanangu, kaa hapa mstari wa mbele, begi liegemeze kwenye jukwaa. Swali lako ni zuri, tena ni la msingi, na jibu lake limo humu humu kwenye hotuba, ukurasa wa saba. Sasa tuko ukurasa wa pili.

("Mzee, basi ni la saa tisa.")

Na mimi nasoma haraka. Ndugu wadau, safari ya kukifikisha Kituo hapa kilipo ilianza pale Kamati yangu ilipobaini, kupitia upembuzi yakinifu uliofanyika kwenye hoteli tulivu mbali na wanafunzi, ili wanafunzi wasiyumbishe matokeo, kwamba wapo vijana chuoni hapa wanaomaliza muhula mzima bila kuitwa jina lao na mtu yeyote isipokuwa msimamizi wa mtihani. Tulishtuka. Tukaunda kamati ndogo ya kushtuka. Kamati ndogo ikaandaa andiko dhana, andiko dhana likazaa fremuweki, fremuweki ikazaa mpango mkakati, na mpango mkakati, alhamdulillahi, unaendelea vizuri pamoja na mama yake.

(Kicheko. Mhadhiri mmoja mstari wa pili anaamka.)

Hatukuishia hapo. Tulifanya ziara ya kujifunza katika vyuo vitatu vya mbali ili tuone wenzetu wanakaaje. Tulikaa kwenye viti vyao. Ni viti laini. Katika chuo kimoja tulioneshwa chumba chenye mazulia ambamo mwanafunzi mwenye huzuni anaingia, anakaribishwa chai, anasikilizwa. Wajumbe wangu wote waliingia, wakanywa chai, wakasikilizwa, na mmoja wao alilia. Kwa hiyo tunaposema tunaielewa huzuni, hatusemi kwa kubahatisha.

Matokeo yake ni haya. Tangu Kituo kitangazwe, asilimia mia moja na nne ya wanafunzi wanajisikia wako nyumbani.

(Sauti: "Mia moja na nne, mzee?")

Tulia nikueleze, usiwe na pupa. Ile mia ni nyinyi. Ile nne ni majirani wa chuo ambao nao, bila kuulizwa, walionekana wametulia. Ndiyo maana tunasema mradi una manufaa yanayovuka uzio.

(Msichana mwenye begi ananyoosha mkono: "Mzee, samahani. Ukurasa wa saba.")

Ahsante kwa kunikumbusha, mama, ngoja niruke shukrani za awali na dira na dhima. Ukurasa wa saba, huu hapa, nausoma neno kwa neno: Kituo kiko Jengo la Utawala, sakafu ya chini, mkabala na ngazi.

(Kishindo cha miguno. Kijana mrefu wa uhandisi, ambaye wenzake humwita Mlingoti, anasimama: "Pale ni stoo ya viti vibovu, mzee! Mimi nilikwenda mwezi wa kwanza wa muhula. Nilifungua mlango nikaangukiwa na kiti.")

Kijana, kuangukiwa na kiti ni changamoto ya kipindi cha mpito. Kituo kilihamishiwa kwa muda nyuma ya maktaba.

(Sauti nyingi: "Pale ni tangi la maji!" Msichana wa kitivo cha sheria, aliyepachikwa jina la Pingamizi kwa sababu hakuna hoja anayoiacha ipite, anasimama juu ya kiti: "Pingamizi! Nyuma ya maktaba nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta tangi. Mara ya pili nilikuta tangi na Mlingoti analizunguka.")

(Mlingoti: "Nilidhani mlango uko upande wa pili.")

(Pingamizi: "Alikuwa amezunguka tangi zima akirudi pale pale. Nikamwambia, kaka, tangi ni duara.")

(Kicheko kikubwa.)

Naomba utaratibu. Naomba tuheshimu jukwaa. Baada ya tangi, kwa mujibu wa waraka wa ndani ambao haukusambazwa ili usilete taharuki, huduma zilielekezwa ghorofa ya juu ya jengo la maabara.

(Mvulana wa mwaka wa pili, amevaa koti la maabara: "Ghorofa ya juu haipo, bosi. Ngazi zinaishia hewani. Nilifika pale nikawakuta hawa wawili wamekaa kwenye ngazi ya mwisho wanakula karanga. Wakaniuliza, na wewe unatafuta Kituo? Nikasema ndiyo. Wakasema, karibu karanga.")

(Pingamizi: "Sasa hivi tuko kumi na kitu. Kila Ijumaa tunatoka kwenda kukitafuta. Wiki iliyopita tulikitafuta uwanjani tukiwa na mpira.")

Mmesikia, wadau? Uwanjani! Na mpira! Huo ni ushiriki, tena ushiriki wa hiari, usio na posho, jambo ambalo Kamati yangu haijawahi kulishuhudia. Katibu, andika hiyo kama kiashiria cha mafanikio namba moja. Andika na karanga.

(Msichana mwenye begi, kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kiko karibu na kinainasa: "Kwa hiyo hata nyinyi hamjakiona?")

(Nusu ya ukumbi: "Hatujakiona!")

("Mimi nilidhani nyote mnajua kilipo. Nilidhani ni mimi peke yangu nisiyejua kitu hapa. Nikaona aibu kuuliza.")

Binti yangu, hapo inabidi nifafanue kidogo. Kuona aibu kuuliza ni kikwazo tulichokiainisha kwenye jedwali la vihatarishi, na suluhisho tulilopendekeza ni mwanafunzi kujaza fomu ya kuonesha kwamba anaona aibu, akaipeleka...

(Pingamizi ameshateremka kwenye kiti na kufika mstari wa mbele. Hamsikilizi tena mzungumzaji. Anamwambia msichana mwenye begi: "Ngoja kwanza. Si wewe unayekulaga peke yako kwenye kibaraza cha mgahawa mdogo, umevaa spika za masikioni?")

("Hazina muziki. Nazivaa ili isionekane kwamba sina wa kuongea naye.")

("Mungu wangu. Na mimi kila siku nasema yule dada anajisikia, hataki kusumbuliwa.")

("Na mimi nilikuwa nikiwaona mnacheka, nikasema hawa wametoka shule moja, wamejuana tangu utotoni.")

("Nani, hawa? Huyu nimemjua kwenye tangi!")

(Kicheko. Msichana mwenye begi naye anacheka, kisha anafuta macho kwa kiganja.)

Ndugu wadau, naomba tuendelee kunitazama mimi. Nilikuwa nasema kwamba Kamati, kwa kushirikiana na washirika wa maendeleo, itawajengea uwezo wanafunzi wa kufahamiana kupitia warsha ya siku tano yenye vyeti...

(Mlingoti: "Dada, basi lako lina tiketi ya kubadilisha tarehe?")

("Sijui. Sijauliza.")

(Mlingoti: "Kaa mpaka Ijumaa. Ijumaa tunakwenda kukitafuta kule nyuma ya karakana, hatujawahi kufika. Ukiona hatufai, Jumamosi nakubebea begi mwenyewe mpaka stendi, na sikutozi.")

(Pingamizi: "Asikudanganye, habebi kitu huyo, ataliburuta.")

(Msichana anatazama saa ya ukutani, anatoa simu, anageukia ukuta. Ukumbi mzima unajaribu kutosikiliza na unasikia kila neno: "Haloo, mama? Hapana, sijapanda... Hapana, mama, hicho Kituo sijakipata. Hakuna aliyekipata. Acha kwanza, nitakueleza jioni... Ndiyo. Sipandi leo. Hapana, sio kwamba nimelazimishwa. Niko na watu.")

(Makofi, ya kwanza leo ambayo hayakuongozwa na mshereheshaji. Mama wa kantini anapiga kigelegele.)

Ahsanteni, ahsanteni sana kwa makofi hayo, ninayapokea kwa unyenyekevu kwa niaba ya Kamati. Wadau, mmeshuhudia kwa macho yenu! Mwanafunzi ameingia humu akiwa mteja wa kuacha chuo, na kabla sijafika ukurasa wa nane amebakizwa! Nawauliza, ni chuo gani katika ukanda huu kimewahi kumbakiza mwanafunzi ndani ya hotuba? Katibu, andika kiwango cha kubakiza wanafunzi ni asilimia mia moja, sampuli ni mmoja, lakini ni mmoja mwenye ubora wa hali ya juu.

(Pingamizi anashika mpini wa begi. Mvulana wa koti la maabara anafungua mlango wa kushoto. Kundi linaanza kutoka, na mistari miwili ya nyuma inalifuata.)

Jamani, mnakwenda wapi? Bado kuna kaulimbiu! Walinzi! Naona na walinzi wanatoka. Haya, tuliobaki tusivunjike moyo, wachache wenye dhamira wanatosha, wewe mhadhiri uliyeamka, na wewe Ndugu Dereva, na nyinyi wazazi mlioko ukutani. Nikisema "Kituo", mnajibu "Chetu". Kituo!

("Kiko wapi!")

Ari naiona, maneno tutayarekebisha. Ustawi kwanza!

("Kiko wapi!")

Kila mwanafunzi, nyumbani!

(Kutoka nje, kwa mbali, sauti ya magurudumu ya begi kwenye changarawe, na Mlingoti akilalamika kwamba limejaa mawe.)

Basi, kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa udhuru wake mzuri. Nawashukuru wajumbe wa Kamati, ambao kwa miaka yote hii tumekaa meza moja bila kukubaliana Kituo kijengwe wapi, na kila mmoja amesimama imara na kiwanja chake. Nimshukuru fundi ambaye hatujamwita. Nimshukuru mshauri nasaha ambaye tangazo la nafasi yake linasubiri kupata mahali pa kubandikwa. Lakini shukrani zangu kubwa kuliko zote ni kwenu wanafunzi, mliokitafuta Kituo kwenye stoo, kwenye tangi na kwenye ngazi zisizo na mwisho bila kuchoka, maana laiti mngekaa mabwenini mkasubiri tukijenge, sisi leo tusingekuwa na kitu chochote cha kuzindua. Endeleeni kukitafuta, wanangu. Sisi upande wetu tunawaahidi, kwa nguvu zote za Kamati, kwamba hamtakipata.