Chama Changu na Turubai la Mwanamkuu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiuzulu! Umoja wa Kufa na Kuzikana wa mtaa wetu nimeuongoza mimi tangu uanze, jana wamempa uenyekiti Mwanamkuu, muuza vitumbua! Nimepata kura moja. Naijua, ni yangu. Nimemuuliza mke wangu Hajira ya kwake iko wapi, kasema iliharibika. Nimetangaza mbele ya wote kwamba natoka, mimi na nyumba yangu nzima. Hajira kasema sawa, baba Swaumu. Mke mtiifu sana.

Tatizo dogo. Jumapili Swaumu wangu, kitindamimba, anaolewa. Wakwe wanavuka kivuko kutoka Kigamboni, ukoo mzima. Turubai, viti, masufuria, vyote mali ya Umoja, na Umoja huwaazima wanachama tu. Sheria hiyo niliiweka mimi. Sheria nzuri sana.

Jumanne, 5 Agosti
Kumbe rahisi! Naanzisha chama changu. Bongo hii nani hana chama? Wanasiasa, chama. Walimu, chama. Wakulima wa korosho, chama. Akina mama wakipeana vyombo kila mwezi, chama. Hata Vitalis, msukuma mkokoteni hapa sokoni, timu yake ikifungwa analia chama langu, chama langu, na jezi yenyewe hana. Mimi niliyewahi kushika kipaza sauti mbele ya diwani, nikose?

Chama ni muhuri kwanza. Nimeenda kwa fundi, nimeagiza wa duara, mkubwa, wenye simba. Kaniuliza chama kina watu wangapi. Nimemwambia achonge tu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesaka wanachama. Athanas fundi viatu kasema uanachama wa kawaida hataki, ameshakuwa wa kawaida maisha yake yote. Nimempa umakamu. Abdulmajid, yule wa cherehani barazani, kasikia, kataka ukatibu. Nimempa. Vitalis kaniamkia shikamoo, halafu hapo hapo kauliza yeye sasa ni nani. Nimempa ulezi wa chama. Mlezi huwa mtu mzima mwenye heshima zake, huyu ndevu hazijatoka. Lakini ana mkokoteni.

Muhuri umetoka safi. Nimegonga mlangoni, nimegonga kwenye kalenda, nimegonga mfuko wa unga. Hajira kauliza kama unga nao ni mwanachama.

Ijumaa, 8 Agosti
Mkutano mkuu baada ya swala. Mafanikio! Abdulmajid ana mjomba soko la samaki Kivukoni, ana turubai, anatuazima. Kilichobaki kulifuata. Makamu kasema makamu habebi, hukaimu. Katibu kasema yeye ataandika majina ya waliobeba. Nikamgeukia mlezi. Kasema mlezi hualikwa, tena hupewa soda. Nikasema basi wanachama wabebe.

Tukatazamana.

Tumepitisha azimio wanachama watafutwe. Nimegonga muhuri.

Mwanamkuu kapita na beseni lake, kasimama kabisa kusikiliza. Kasema shemeji Safari, hicho chama vichwa vinne, mgongo hata mmoja? Kacheka mpaka vitumbua vikacheza. Nimemwambia asiingilie mambo ya ndani ya chama kingine.

Jumamosi, 9 Agosti
Turubai nimelifuata mwenyewe, kwa bajaji. Dereva kaendesha kichwa nje njia nzima. Nimelitandaza uani. Harufu! Paka wa Kariakoo wote wamejiunga na chama changu.

Swaumu katoka na hina mikononi, kaliona, kalia. Kasema baba, mama mkwe atadhani amekuja mnadani. Nimemwambia harufu hukatwa na udi. Nimechoma udi. Sasa linanuka samaki aliyekwenda harusini.

Mtoto bado analia chumbani. Nikamuombe Mwanamkuu? Mimi? Thubutu!

Jumapili, 10 Agosti
Nimetoka swala ya alfajiri nakuta turubai la Umoja limesimama, jeupe pee! Viti vimepangwa, masufuria motoni, Mwanamkuu anaamrisha watu. La kwangu limetupwa huko, paka juu yake. Nikafoka, nani kawaita, vyombo hivi ni vya wanachama! Mwanamkuu kasema ndiyo, mwanachama kaomba. Mwanachama gani? Hajira katoka na mwiko. Kumbe hajatoka Umoja hata siku moja, na tangu uchaguzi ndiye mweka hazina! Nikamkumbusha alisema sawa. Kasema alisema sawa, hakusema natoka.

Ndoa imefungwa. Swaumu kacheka. Basi na mimi macho yakaingia moshi.

Pilau nilikula sahani mbili. Hapo Mwanamkuu akanisomea sheria: asiye mwanachama akila shughuli ya Umoja, anaosha masufuria. Nani aliiweka sheria hiyo sikuuliza. Namjua. Makamu wangu, katibu wangu na mlezi wangu hawakuosha. Wote wanachama wa Umoja, hawajawahi kutoka. Mkwe kaja kuniaga, kanipa mkono, kaondoka na masizi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimerudi Umoja. Mwanachama wa kawaida, zamu ya masufuria, pamoja na wazee wawili. Nimewachunguza. Wanasugua ovyo, kila mtu kivyake, mmoja anaanzia chini mwingine pembeni. Hawana uongozi! Watu kama hawa wanahitaji chama, ndani ya Umoja lakini chenye sauti yake. Mwenyekiti tayari yupo.

Nimepita kwa fundi mihuri. Simba atoke, ikae sufuria. Kaniuliza safari hii kina watu wangapi.

Nimemwambia achonge tu.